Mashavu wa Jabalini na Matonge ya Zamu

Paukwa!

— Pakawa!

Aka! Hiyo ndiyo pakawa? Hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Masikio yapo?

— Yapo!

Midomo je?

— Imefungwa!

Waongo wakubwa. Huyo hapo nyuma anatafuna muhogo, namwona. Tafuna, mwanangu, tafuna taratibu, maana hadithi yenyewe ya leo ni ya kutafuna. Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta mkijifanya hamna habari na mimi, sogeeni. Hii inawahusu nyinyi kuliko hawa watoto.

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na jabali. Jabali kubwa, jeusi, limepasukapasuka. Ndani ya nyufa zake waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia. Kaya saba za pimbi waliishi pale. Waliota jua pamoja, walilala wamelaliana pamoja, na waligombana pamoja.

Na juu yao, angani, aliishi Tai.

Tai hakuwa na maneno mengi. Alikuja na jua mgongoni ili asionekane. Vuuu! Akishuka, anapanda na mtoto wa mtu. Pimbi hawakuwa na pembe. Hawakuwa na mbio za maana. Walikuwa na kitu kimoja tu cha kuwaokoa, nacho ni mlinzi wa kukaa juu ya jiwe la zamu na kupiga ukelele. Mlinzi akilia, wote nyufani. Mlinzi akinyamaza, mmoja hayupo.

Mlinzi wa wakati ule aliitwa Mashavu. Loo, Mashavu alikuwa na sauti! Akipiga ukelele, hata ndege wa bonde la pili waliruka. Alilia hivi: Kwiii! Kwi-kwi-kwiii! Hebu lieni nanyi.

— Kwiii! Kwi-kwi-kwiii!

Safi kabisa. Wekeni hapo, tutaihitaji.

Mashavu hakuipenda zamu kwa ajili ya sifa. Alikuwa mdogo bado siku Tai alipomchukua mama yake, siku ambayo mlinzi wa wakati huo alisinzia. Akalelewa na shangazi yake, Bi Mize. Alipokua akasema, "Shangazi, mimi nitakaa pale juu. Nami sitasinzia." Akakaa. Hakusinzia. Miaka mitatu Tai hakuondoka na mtoto hata mmoja.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana hapa ndipo penye mambo. Mlinzi haondoki juu ya jiwe tangu jua linachomoza mpaka linazama. Atakula nini? Basi kila asubuhi kila kaya inamletea tonge. Kaya saba, matonge saba. La makuyu, la mtama, la mlenda, la kunde, la mizizi, la maua ya mkwaju, na la Shangazi Mize. Mlinzi anakula mbele ya aliyeleta. Akila, maana yake, mtoto wako ni mtoto wangu. Akikataa, maana yake, mtoto wako shauri yako. Kwa hiyo hakuna mlinzi aliyewahi kukataa tonge. Umeshiba, unakula. Unaumwa, unakula.

Na matonge yote yalitwangwa kwenye kinu kimoja. Kilikuwa shimo lililochongwa jabalini hapo hapo, refu, laini. Shangazi Mize ndiye aliyeamka wa kwanza. Tu! Tu! Tu! Akimaliza, anapangusa kwa kiganja, anamwachia mwenziwe. Tu! Tu! Tu! Naye anapangusa, anamwachia mwingine. Kuosha hawaoshi. Tangu kichongwe, kinu kile hakikuona maji. Mabibi zao walisema baraka ya jabali imo humo ndani, ukiosha umeimwaga.

Mbona mnacheka? Kwenu hakuna kitu kisichooshwa? Nyamazeni basi, niendelee.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Bondeni chini ufuta ukaota, ukachanua, ukakauka, ukamwaga punje. Shangazi Mize akashuka, akaokota, akarudi anang'aa kwa furaha. "Mashavu mwanangu," alisema, "kuanzia leo tonge langu ni la ufuta. Ufuta una mafuta. Unalainisha koo. Utalia mpaka Tai ahame nchi."

Mashavu akala. Tamu! Akalamba na vidole.

Na msimu huo huo mgeni akahamia chini ya jabali. Muhanga. Pua ndefu, masikio marefu, kucha za kuchimbia. Mchana amelala shimoni, usiku anachimba, kru-kru-kru. Hasalimiani sana na watu. Pimbi wakatazamana. Mtu gani huyu anayechimba gizani?

Basi. Zikapita siku kidogo, Mashavu akaanza kuwashwa koo. Akameza mate, koo likawasha. Akakohoa, kho! kho! Likawasha zaidi. Tumbo nalo likaanza ngoma yake. Guru-guru-guru! Midomo ikavimba. Ngozi ikatoka vipele chini ya manyoya, akajikuna mpaka manyoya yakampukutika begani.

"Ni vumbi," akasema Mashavu.

Kesho yake tena. "Ni baridi," akasema.

Keshokutwa tena. Akanyamaza, maana sababu zilikuwa zimemwishia.

Shangazi Mize akaona, akaingiwa na huruma. "Koo limekukauka, mwanangu. Nitakuongezea ufuta." Akaongeza. Tonge likawa kubwa mara mbili. Mashavu akala lote, maana shangazi alikuwa amesimama pale anamtazama kwa mapenzi.

Siku moja asubuhi, mara baada ya kula, Tai akaja.

Mashavu alimwona. Hilo lisemwe, alimwona mapema kabisa, kijidoa kidogo pembeni mwa jua. Akafungua kinywa apige ukelele. Ukatoka upepo tu. Khaaa... Akajaribu tena. Khaaa... Watoto walikuwa wanacheza pale chini kwenye jiwe bapa, mmoja kaning'inia kwenye mzizi. Mashavu akaruka, akapiga jiwe kwa miguu, akarusha vijiwe, pa! pa! pa! Watoto wakashtuka, wakakimbia. Vuuu! Tai akamkosa kitukuu wa Mzee Makame kwa unywele. Akaondoka na manyoya ya mgongoni, damu ikabaki kwenye jiwe.

Mashavu akakaa chini akalia. Alilia bila sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kikao kikaitwa. Mzee Makame, mkuu wa jabali, akajikohoza. Alikuwa mzee wa maneno ya polepole. "Mashavu, hakuna hapa asiyejua ulichotufanyia. Lakini leo mtoto wa mjukuu wangu ana mistari mitatu mgongoni. Leo mwezi mpya. Tunakupa mwezi huu mmoja. Ukiandama mwingine sauti haijarudi, zamu anapewa Vuai."

Wote wakamgeukia Vuai. Vuai alikuwa kijana mzuri, ana heshima, ana macho. Ila sauti yake ilikuwa ya mbu. Wakamwambia, "Hebu lia." Akajikaza, akakunja uso, akalia, nyiii. Pimbi mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Ataanza lini?"

Kina mama wakawavuta watoto wao karibu. Kila mmoja pale alijua zamu ikienda kwa Vuai, watoto watakwisha.

"Na tatizo tunalijua," akasema Shangazi Mize, akainuka, akanyoosha kidole chini. "Limekaa huko chini shimoni. Kabla huyo Muhanga hajaja, mwanangu alikuwa anaumwa? Hakuumwa! Amekuja, na mwanangu kapoteza sauti. Mnataka niseme nini tena?"

"Kweli!" wakasema pimbi. "Kweli kabisa!"

Toka siku ile Shangazi Mize akawa kila jioni anamwaga majivu mlangoni kwa Muhanga, anatema mate, ptu, anarudi. Mashavu akafukizwa majani. Akavalishwa kamba shingoni. Akapakwa udongo mwekundu. Na baada ya kufukizwa, kuvalishwa na kupakwa, asubuhi yake analetewa matonge saba, anakula. Guru-guru-guru. Kho! kho! Khaaa...

Siku tano zikapita hivyo.

Alfajiri ya siku ya sita Mashavu akapiga moyo konde, akashuka hadi shimoni. Muhanga ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini, pua imejaa mchanga.

"Hodi," akakwaruza Mashavu.

"Karibu, mama wa juu."

"Bwana Muhanga, mimi sina mizunguko. Umenifanya nini?"

Muhanga akafuta pua. Akafikiri. "Mimi? Mimi hata jina lako silijui."

"Koo linawasha, tumbo linanguruma, sauti imekwenda. Wanasema ni wewe."

"Pole sana," akasema Muhanga, akakaa. "Mimi juzi juzi tumbo liliniuma. Nikajua ni mchwa."

"Ulijuaje?"

"Sasa nile nini kingine?" Muhanga akacheka, masikio yakamtikisika. "Mimi nala mchwa tu. Asubuhi mchwa, jioni mchwa. Nikiumwa, namjua mchokozi. Nikahama kichuguu, tumbo likatulia. Wewe unakula nini?"

Mashavu akaanza kuhesabu. Makuyu. Mtama. Mlenda. Kunde. Mizizi. Maua ya mkwaju. Na tonge la dawa la shangazi. Alipofika mwisho Muhanga alikuwa ameachama mdomo.

"Vyote hivyo kwa siku moja? Kwa tumbo hilo hilo?"

"Ndiyo desturi."

"Basi, mama wa juu, hata kama mmoja wao ndiye mchokozi, utamjuaje? Wamekuja saba, wamekupiga, wamekimbia pamoja."

Mashavu akapanda jabali anayageuza maneno hayo kichwani. Alipofika jiwe la zamu, kaya saba walikuwa wamekwisha panga foleni na matonge yao.

"Leo sili," akasema.

Foleni ikavunjika. Wa nyuma wakasukumana waje kusikia vizuri.

"Huli nini?" akauliza mama wa makuyu.

"Sili tonge lolote. Nitang'ata nyasi zangu za mlangoni, nilizozing'oa kwa meno yangu mwenyewe. Mpaka koo linyamaze. Halafu nitaanza tonge moja. Moja tu. Nikiumwa, nitalijua. Nisipoumwa, nitajua si lenyewe, nitaonja la pili."

Jabali likachemka. "Anatukataa!" "Mtoto wangu amwache aliwe, ndivyo anavyosema!" "Miaka mitatu tumemlisha!" Shangazi Mize akapita katikati yao. Aliweka tonge lake chini ya miguu ya Mashavu, akasubiri. Mashavu akalitazama lile tonge. Hakuligusa. Shangazi akaliokota, akageuka, akashuka analia, na Mashavu naye machozi yakamtoka hapo hapo juu ya jiwe.

"Nimekataa matonge," akawaambia waliobaki. "Nyinyi sijawakataa. Mzee Makame, si mmenipa mwezi? Niachieni niutumie ninavyojua."

Mzee Makame akajikuna kidevu. Akajikuna tena. "Mwezi ni wake," akasema. "Rudini majumbani."

Siku ya kwanza ya nyasi, koo liliwasha. Ya pili, likawasha kidogo. Ya tatu, tumbo likanyamaza. Ya nne, alfajiri, Mashavu akafungua kinywa, akajaribu polepole, kwa woga. Kwi? Akaongeza. Kwiii! Kwi-kwi-kwiii!

Pimbi wote wakaingia nyufani mbio, kisha wakatoa vichwa, wakaona hakuna Tai, wakaruka kwa furaha. "Amepona! Leteni matonge! Leteni yote!"

"Ngojeni!" akasema Mashavu. "Nimepona, lakini sijajua kilichoniumiza. Leo naonja la makuyu. Peke yake."

Mama wa makuyu akalileta kwa maringo. Mashavu akala. Kabla jua halijafika utosini, guru-guru-guru! Kho! kho! Midomo ikajaa.

"Makuyu!" wakapiga kelele. Mama wa makuyu akajifunika uso.

Mashavu akarudi kwenye nyasi siku tatu. Akapona. Akala la mtama. Kho! kho! Guru-guru!

"Na mtama pia?" wakashangaa.

Nyasi siku tatu. Akala la mlenda. Akaumwa. Nyasi siku tatu. Akala la kunde. Akaumwa vibaya kuliko siku zote, macho yakavimba mpaka akawa anaona kwa upenyo tu, na siku hiyo Vuai ndiye aliyekaa naye juu ya jiwe kumsaidia kutazama.

Hapo minong'ono ikarudi. "Kila kitu kinamuumiza. Chakula gani kinachofanya hivyo? Hii si ya chakula." Shangazi Mize akabeba majivu vikapu viwili.

Na Mashavu mwenyewe? Mashavu alichoka. Alikaa juu ya jiwe lake akahesabu siku zilizobaki. Zilikuwa chache. Alijiona mjinga. Amewaudhi majirani, amemliza shangazi aliyemlea, na bado hajui kitu. "Labda ni zamu yenyewe hainitaki," akasema moyoni. Tonge la shangazi alikuwa ameliweka la mwisho kabisa, kwa sababu lile hakulihesabu kama chakula. Lile lilikuwa dawa.

Siku ya tatu ya nyasi, koo limeshatulia tena, upepo ukavuma. Mkuyu ulioota ufani ukatikisika, kuyu bivu likaanguka. Pwa! Likabingirika hadi miguuni mwake. Mashavu alikuwa na njaa ya siku nyingi. Mawazo yako mbali, macho yako angani, akalichukua, akalitafuna, akalimeza.

Halafu akakumbuka.

"Masikini mimi! Kuyu!"

Akangoja mwasho. Wapi. Akameza mate kujaribu. Wapi. Akangoja guru-guru. Tumbo kimya. Jua likafika utosini, likashuka, likaenda kuzama, Mashavu yu mzima. Akachuma jingine akala. Mzima.

Akakaa akafikiri. Msimharakishe, anafikiri. Kuyu lililotwangwa lilinivimbisha. Kuyu zima halikunifanya kitu. Kuyu ni lile lile, mti ni ule ule. Sasa kwenye tonge kuna nini kilichozidi?

Mmeshajua, eh? Wewe usimwambie mwenzako! Mwache naye afikiri.

Alfajiri akasikia, Tu! Tu! Tu! Shangazi Mize huyo kinuni. Mashavu akashuka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu shangazi, bado ana kinyongo. Akapangusa kinu kwa kiganja, akaondoka na ufuta wake.

Mashavu akainama. Akatia kichwa ndani ya kinu. Chini kabisa, na pembeni kote, palikuwa pamekaa kitu cheupe, kinang'aa kwa mafuta, kimegandamana tabaka juu ya tabaka. Akanusa. Ufuta. Makuyu yakija yanapita humo. Mtama ukija unapita humo. Mlenda, kunde, vyote. Saba walikuwa hawajampiga. Alikuwa mmoja tu, anavaa nguo za wenzake.

Na huyo mmoja alitoka mikononi mwa Shangazi Mize.

Mashavu kujua alishajua. Kusema ndiyo kazi. Atamwambiaje shangazi kwamba mapenzi yake yote ya asubuhi ndiyo yaliyomziba koo? Lakini akakumbuka ile mistari mitatu kwenye mgongo wa mtoto, akaenda kuwaita wote, mchana kweupe.

"Sitaki mniamini kwa maneno," akasema. "Tazameni." Akachukua punje moja ya ufuta, moja tu, maana tonge asingethubutu. Akampa Vuai aivunje kwa jino, kisha akajigusa nayo kwenye mdomo wa juu. Wakangoja. Mdomo ukaanza kuwa mwekundu. Ukavimba. Ukawa kama zambarau. Mashavu akauosha haraka kwa maji.

Kisha akawaambia habari ya kinu.

Shangazi Mize akakaa chini pu! Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Mikono hii?" akasema. "Siku ulipokohoa nikaongeza. Ulipokosa sauti nikaongeza. Kumbe nilikuwa namnyonga mwanangu kwa mikono hii hii, na majivu namwagia mwingine?"

"Shangazi," akasema Mashavu, akamwegemea, "ufuta si mbaya. Wewe unakula kila siku na umenawiri. Hawa wote wanakula. Ni koo langu mimi ndilo lisilopatana nao. Na ningejuaje kama nisingekuudhi?"

Shangazi akalia, akamkumbatia. Wakalia wote wawili, na mama wa makuyu naye akalia, kwa kuwa makuyu yake yamesafishwa jina.

"Basi kinu kioshwe," akasema Vuai kwa sauti yake ya mbu.

Mzee Makame akashtuka. "Kinu? Kuoshwa? Na baraka je?"

Shangazi Mize akainuka. Machozi bado yapo mashavuni, lakini mgongo umenyooka. "Baraka gani, Mzee, inayomziba koo mlinzi wa watoto? Kama ni kumwaga, namwaga mimi. Laana iwe juu yangu." Akateremka mtoni na kibuyu chake. Akarudi na maji na mchanga. Akasugua. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Akamwaga maji meupe. Akasugua tena mpaka jioni. Kesho yake akasugua tena, na kinu kikatoa rangi ya jiwe ambayo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuiona.

Mama wa makuyu akatwanga tonge lake wa kwanza. Mashavu akala. Jabali zima likamkodolea macho. Jua likapanda, jua likashuka. Kimya tumboni, kimya kooni.

Siku iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Jioni mwezi utaandama. Mchana huo Shangazi Mize alikuwa anapanda kutoka mtoni na kibuyu, peke yake, taratibu, magoti yake yanajulikana. Watoto walikuwa kwenye jiwe bapa. Na jua lilikuwa kali.

Pembeni mwa jua, kijidoa.

Mashavu akakiona. Akafungua kinywa. Haya, wote!

— Kwiii! Kwi-kwi-kwiii!

Hamjala nyinyi? Tena!

— Kwiii! Kwi-kwi-kwiii!

Ndivyo hivyo hivyo! Bonde likaitika. Watoto, pyu! wakaingia nyufani. Kina mama, pyu! Vuai, pyu! Tai akabaki na jiwe tupu. Akageuza shingo. Akamwona Bi Mize katikati ya mteremko, mzee, mnene, na ufa wa karibu uko mbali. Vuuu!

"Shangazi, kimbia!" akalia Mashavu. "Kwiii! Shimoni! Shimoni kwa Muhanga!"

Bi Mize akatupa kibuyu. Magoti yakasahau uzee. Akajitupa kichwa mbele ndani ya lile shimo alilolitemea mate mwezi mzima, kucha za Tai zikakwangua mchanga nyuma yake, kwaaa!

Ndani, giza. Kitu kirefu kikamgusa shavu. Ilikuwa pua.

"Hodi hupigi?" akauliza Muhanga, usingizi bado machoni.

Bi Mize alikuwa anahema, hana hali. Alipopata pumzi akasema, "Bwana Muhanga, ni mimi niliyekuwa namwaga majivu hapa."

"Najua. Nilikuwa nakuona." Muhanga akapiga miayo. "Mchwa hawapendi majivu. Nimelala njaa siku nyingi, mama."

Bi Mize aliinamisha kichwa kwa aibu, akaanza kufagia majivu kwa mikono yake, humo humo gizani. Muhanga akamsogezea nafasi akae vizuri.

Jioni mwezi ukaandama, mwembamba, juu ya jabali. Mzee Makame hakuitisha kikao. Alipanda mwenyewe hadi jiwe la zamu, akamwambia Mashavu, "Kesho uwahi." Basi. Hilo ndilo lililokuwa tamko lote.

Toka siku hiyo kinu kikaoshwa kila jioni, na baraka haikwenda popote, maana watoto walizidi. Bi Mize anapenda ufuta wake bado. Anausaga nyumbani kwake, kwenye kijiwe chake, anakula, ananawa mpaka viwiko. Kisha anachuma kuyu moja zima, analisuuza, anapanda nalo hadi jiwe la zamu, anasimama pale pale, anamtazama mwanawe akila.

Sasa niwaambie waziwazi, nisije nikasikia kesho mnasema hamkuelewa. Mwili ukikulalamikia, usikimbilie kumtafuta jirani wa kumlaumu. Kaa chini uuulize mwili wenyewe, kwa subira, kitu kimoja kimoja, mpaka uujue ukweli. Na mtu akikwambia chakula chako kinamdhuru, usinune. Hajakukataa wewe. Anataka kuishi akupende.

Hadithi yangu nimeitwanga, nimeipepeta, imekwisha. Kinu nimeshakiosha, nacho kinakauka. Na wewe wa muhogo, nenda ukanawe mikono.